Makopa ya Bibi Nyuma ya Jiko

Ilianza Jumamosi, saa nane mchana, mwaka jana nikiwa kidato cha pili. Kiyoyozi cha chumba cha mama kilikohoa, kikazima. Mdogo wangu, mchanga bado, akaanza kulia papo hapo kama aliyekatiwa umeme yeye.

Wewe unayelijua joto la Mtwara kabla ya mvua huhitaji kuelezwa. Mtoto alijaa harara shingoni. Mama alijifungua kwa upasuaji, hata ndoo haruhusiwi kuinua, na bibi, mama yake mama, alikuja kutoka kwake, Ziwani, kutushikia nyumba. Asubuhi nyumba nzima ilinukia uji wake wa muhogo. Lakini wiki ileile aliunguza gauni la mama kwa pasi, akaona aibu, akasema, "Nikiharibu kingine, narudi kwangu." Na bibi akisema, kasema.

Baba ni karani bandarini, ila mikono yake ni ya fundi. Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akafungua mashine ya ndani, akanipa vichujio nivioshe kwa mswaki wa zamani. Hafoki. Anakuonyesha kitu mara moja, kisha anakuachia, na wewe unajiona mtu mzima. Tukarudisha, tukawasha. Ikanguruma kidogo, ikazima tena.

"Hii inakosa pumzi," akasema. "Twende nje."

Mashine ya nje ilikaa nyuma ya jiko, chini kabisa. Baba alipoiona akaziba mdomo kwa mkono. Mbele ya feni palikuwa na ungo umejaa makopa, ile mihogo inayomenywa na kuanikwa. Juu ya vyote, ungo na mashine, kanga, kunguru wasiibe, nayo ilikuwa imenyonywa ikaganda kule nyuma mashine inakovutia hewa. Bibi aliona upepo wa moto unatoka bure, akaanika hapo.

"Usicheke," baba akaninong'oneza, na mwenyewe mabega yanamtetemeka. Kisha akachuchumaa kando ya ungo. Asiposema, kesho makopa yangerudi palepale. Akisema vibaya, bibi angefunga mzigo, na mama angebaki na nani? Tena ni mkwe wake. Wale wawili waliheshimiana kiasi kwamba maneno yao yote yalipita kwangu, mimi ambaye darasani hata kuitika jina naona haya.

Akaitoa kanga taratibu, akaikung'uta, akaikunja vizuri. Akanituma.

Bibi alikuwa chumbani kwa mama, anampepea mtoto kwa kipepeo cha ukindu. Dirisha wazi, baba kasimama nje yake.

"Bibi, baba anasema kosa ni lake. Mashine aliiweka chini mno, yeyote angedhani ni pa kuanikia. Ila ikifunikwa haipumui. Anaomba akujengee kichanja juu ya banda la kuku, kwenye jua."

Kipepeo kikasimama.

"Mwambie baba yako, upepo wa moto wa bure hivi, nani angeuacha upotee?"

"Baba, bibi anasema..."

"Mwambie ni kweli kabisa," baba akajibu dirishani.

Mama alicheka huku ameshika mshono. "Jamani, msinichekeshe!"

"Na mwambie kichanja kiwe na wavu," bibi akaendelea. "Kunguru wenu wa huku Shangani ni wezi kuliko wa kwetu."

Basi, nikajua haondoki. Kiyoyozi kikawaka, mtoto akalala, na baba akapiga misumari mpaka jua likazama.

Sasa bibi amerudi Ziwani, mtoto anatembea, mashine imepandishwa ukutani. Nyuma ya jiko hapanuki tena ile harufu chachu ya muhogo, na hakuna anayenituma neno kwa mtu aliye dirishani.

Lakini Jumapili ile, kesho yake baada ya kichanja kujengwa, niliamka kabla ya kuitwa. Nikapanda juu ya banda, nikapanga makopa moja moja, bibi akinielekeza kutoka chini. Nikaenda kanisani mikono inanuka. Msichana aliyekaa pembeni yangu akaniuliza ni harufu ya nini, na mimi, nisiyeongea na watu, nikamsimulia yote.