Uyunani Ulikuja kwa Toroli

Mwalimu wa darasa la vijana kanisani kwetu Igamba alihamia Tunduma kufanya biashara, nikaomba nafasi yake. Sijasoma chuo chochote cha Biblia. Nimejifundisha kwa simu na vitabu vya kuazima, na kila siku naogopa kwamba kuna kitu wanakijua wote isipokuwa mimi. Mzee wa kanisa akaniambia, "Fundisha Jumapili moja tukuone."

Nikachagua yale maono ya Biblia ya kondoo dume na beberu, yaani Umedi na Uajemi ukiangushwa na Uyunani. Mtu mwingine angechora ubaoni. Mimi niliona kuchora ni uvivu.

Kondoo nilimwazima kwa mama mkubwa. Tatizo, pembe zake zilikuwa sawa, na andiko linataka moja iwe ndefu zaidi. Nikaifungia hindi bichi lenye maganda yake, nikalipaka masizi. Beberu nilimpata kwa jirani aliyemleta kutoka Kamsamba, mnyama wa joto, anatetemeka muda wote kwa baridi ya kwetu. Pembe zake nilizibana pamoja kwa mpira wa baiskeli ziwe moja. Halafu ikabaki ile habari ya andiko kwamba beberu alikuja kutoka magharibi bila kugusa nchi. Sikulala vizuri mpaka nilipokumbuka toroli.

Magharibi ya kanisa letu ndiko kuliko na choo. Basi Uyunani ukatokea upande wa choo, umekaa kwenye toroli, nikiusukuma mwenyewe nikiwa nimevaa tai.

Darasa lilikuwa nje, kwenye nyasi. Nikasimamisha toroli mbele ya kondoo, nikatangaza kwamba sasa beberu atampiga kwa ghadhabu.

Beberu akapiga chafya.

"Mwalimu, Uyunani una mafua!" akasema binti mmoja wa mstari wa mbele.

"Na Uajemi unajisaidia," akaongeza mwenzake.

Mzee wa kanisa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, hacheki. Nililiona darasa likiniponyoka. Nikainamisha toroli kidogo. Beberu akashuka, akamsogelea kondoo, akanusa pembe ndefu, akaanza kuila. Akala maganda, akala punje, akala na masizi. Uajemi ulisimama kimya ukitafuna nyasi, haukupinga.

Vijana walishangilia mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Mzee akainuka. "Pembe imevunjika," akasema. "Ufalme umeanguka. Nadhani tumepata mwalimu."

Hapo ningenyamaza. Mtu yeyote angenyamaza.

"Samahani, baba," nikasema, "andiko linasema zilivunjika zote mbili."

Mzee akanitazama kama anayemtazama mtu aliyerudi kuzimisha taa kwenye nyumba inayoungua.

"Mwanangu, darasa unalitaka au hulitaki?"

"Nalitaka, baba."

"Basi hiyo ya pili iache."

"Na aiguse tu," akasema mama mkubwa, aliyekuja kumlinda kondoo wake, akitoka nyuma kumfungua kamba. "Atavunjika yeye kwanza."

Nikaiacha. Ilinigharimu kuliko nilivyoonyesha. Sasa nafundisha kila Jumapili, kwa chaki, na vijana wanakuja. Ila nikipita kwa mama mkubwa nikamkuta yule kondoo amefungwa uani, pembe zote nzima, napunguza mwendo. Mama mkubwa akiniona tu anasema, "Pita, mwalimu. Pita."

Napita.