Gego Lililoliwa Kimyakimya

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, ng'ombe wa mama aliponipiga teke la taya. Nilikuwa nimeinama namkamua katika zizi letu kule Mwika, mvua ikipiga mabati, naye akashtushwa na jambo ambalo hadi leo silijui. Mama aliponiinua, damu ilikuwa ikinitoka mdomoni, akaamini taya limevunjika. Tukashuka Moshi mjini siku hiyohiyo, nimefungwa kanga kutoka kidevuni hadi utosini kama maiti. Cheka tu, hata mimi sasa nacheka. Siku ile sikucheka.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena baada ya kukaa matupu kwa muda mrefu. Kahawa ilikuwa imeanza kuwavunja moyo wazee wetu, na vijana wengi wa rika langu walikuwa wakihangaika na biashara za mpakani Tarakea. Mimi biashara sikuiweza. Nilichokiweza ni tarumbeta. Nilipiga sauti ya kwanza, ile ya juu, katika bendi ya kanisa letu, na bila kujisifu, watu wa vitongoji vya jirani walikuwa wakiomba nije niwapigie kwenye mazishi ya wazazi wao.

Hospitali walinipiga picha ya eksirei. Daktari wa meno alikuwa mama mmoja aitwaye Aikande, mwenye maneno machache. Aliiweka picha mbele ya taa akasema taya halijavunjika. Mama akamshukuru Mungu. Lakini daktari hakuiondoa ile picha. Aliisogelea, akaniuliza kama nilikuwa nikiumwa jino la nyuma kabla ya lile teke. Nikasema hapana. Akauliza tena, kana kwamba namficha kitu. Nikamwambia sijawahi kuumwa jino tangu nizaliwe.

Ndipo akatuonyesha. Nyuma kabisa ya taya la chini, mahali nilipojua pana fizi tupu, palikuwa na gego zima limelala kiubavu ndani ya mfupa, kichwa chake kimeusukuma mzizi wa gego lililo mbele yake. Katikati ya gego hilo palikuwa na doa jeusi. Jino zima huonekana jeupe kwenye picha, alisema. Pale penye weusi pameliwa. Mzizi wa gego la mbele nao ulikuwa umeanza kuliwa pale yalipogusana.

Mama akauliza kama ni mdudu. Daktari akasema si mdudu wala si sukari, maana jino lile halijawahi kutoka nje likaonja chakula. Ni mwili wenyewe. Mara mojamoja, jino likibaki limefukiwa hivyo, mwili huanza kulila polepole kama vile haulitambui, na mwenye nalo asisikie kitu. Alisema yapo magego yaliyofukiwa ambayo hukaa hivyo maisha yote bila kumdhuru mtu. Langu asingeshauri liachwe. Gego la mbele lingeharibika, na usaha ukiingia pale, uvimbe unaweza kushuka hadi kooni ukaziba pumzi.

Nikamuuliza kulitoa kuna hatari gani. Hakunificha. Chini ya mizizi yake, karibu mno, ulipita mshipa wa fahamu, ule unaoufanya mdomo wa chini usikie moto na baridi na mguso. Mshipa ule ukiumizwa, mdomo hufa ganzi, pengine kwa wiki, pengine kwa miezi, pengine moja kwa moja. Nikamwambia mimi ni mpiga tarumbeta.

"Basi nenda ukafikiri," akasema. "Lakini usifikiri muda mrefu."

Mwanangu, ni vigumu kukueleza hofu ya namna ile. Maumivu ya teke yaliisha, nikawa mzima kabisa. Nilitafuna, nilicheka, nilipiga tarumbeta, na muda wote nilijua kwamba kuna kitu kinaliwa ndani ya kichwa changu. Nilikuwa nikipitisha ulimi kwenye fizi ile hata kanisani. Kimya. Mjomba wangu alisema madaktari wa siku hizi wanatafuta kazi, mtu hakatwi pasipomuuma. Maneno yale yalinipendeza sana. Ila nilitaka kuyasikia kwa mtu mmoja zaidi.

Mtu huyo alikuwa Mzee Anaeli, mwalimu wa bendi. Ndiye aliyenifundisha kushika tarumbeta tangu nikiwa mtoto, na sikumjua mtu aliyeipenda bendi ile kuliko yeye. Nilimkuta barazani kwake anatia mafuta vitufe vya tarumbeta. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote. Mwishoni nikasema kwamba Pasaka iko karibu, na bendi itabaki bila sauti ya kwanza.

Aliendelea kupangusa vitufe kwa kitambaa.

"Tarumbeta ni la kanisa," akasema. "Nikitaka naweza kumpa mwingine kesho. Taya ni lako, na mimi sina lingine la kukupa." Akaweka kitambaa chini akanitazama. "Umekuja nikukataze, ili likikuharibikia useme ni Anaeli. Sitakukataza. Kama unaogopa, sema unaogopa, tuzungumze kama watu wazima."

Uso uliniwaka. Nilitaka kuondoka. Badala yake nikajisikia nikisema, "Naogopa, Baba."

"Na mimi naogopa," akasema. "Tutakwenda wote."

Tulikwenda wiki ile ile, asubuhi, mawingu yameufunika mlima na mji mzima. Daktari Aikande alinichoma sindano ya ganzi, mdomo ukapotea. Mzee Anaeli aliruhusiwa kukaa kwenye kiti karibu na mlango. Nilikuwa macho kabisa. Nilisikia fizi ikipasuliwa, si kwa maumivu bali kwa mvutano, kisha mashine ya kukatia mfupa ikaanza kulia ndani ya fuvu langu.

Umeme ukakatika.

Miaka ile ya mgao tulishazoea kukatikiwa na umeme jikoni na kanisani, lakini sikuwahi kuwazia kukatikiwa nikiwa nimepasuliwa mdomo. Taa ilizimika, mashine ikanyamaza. Jenereta ya hospitali ilikohoa huko nje, ikazima. Muuguzi akafungua mapazia, ukaingia mwanga wa kijivu. Nilihisi damu ikishuka kooni. Daktari akaniambia nisimeze, nisitikisike. Kisha akamwita Mzee Anaeli aje anishike kichwa.

Akaja. Viganja vyake vilinibana mashavu yote mawili.

Daktari aliendelea kwa vyuma vya mkono. Gego lile, kwa jinsi lilivyoliwa, halikutoka zima. Lilimomonyoka kama biskuti iliyolowa chai, akawa analitoa vipande vipande na kuvidondosha kwenye bakuli. Kila kipande kilipolia kwenye chuma, niliomba kiwe cha mwisho. Halafu mkono wake ukasimama.

"Ncha ya mzizi imebaki," akasema. "Imekaa juu ya mshipa wenyewe. Nikiichokonoa naweza kuukata. Ncha yenyewe ni safi, mwili unaweza kuivumilia. Naiacha."

Mzee Anaeli akauliza, "Daktari, una hakika?"

"Hapana," akasema. "Nina hakika kwamba sioni vizuri kiasi cha kuendelea."

Akaosha, akashona, akanipa shashi ya kung'ata. Umeme ulirudi tukiwa tayari tumetoka.

Sikufa, kama unavyoona. Nilivimba shavu, kwa siku nyingi nikanywa mtori uliopoa, mama akiziponda ndizi zake hadi lisibaki donge. Lakini ganzi ilipoisha kwingine, upande mmoja wa mdomo wa chini haikuisha. Chai iliniunguza mdomo nisijue, hadi mama aliponionyesha lengelenge. Pasaka ile bendi ilipiga makaburini alfajiri, kama ilivyo desturi yetu, nami nilisimama miongoni mwa waumini nikiwa nimeshika kofia yangu tu. Kijana aliyepewa sauti yangu aliipiga vizuri. Hilo nalo liliniuma, sitakudanganya.

Miezi ikapita. Siku moja nikiwa napunguzia migomba majani, nilihisi kama siafu wanatembea kidevuni. Nikajipangusa, hapakuwa na kitu. Nilikaa chini pale pale nikalia. Hisia zilirudi kidogo kidogo, ila pembe moja ya mdomo haijarudi hadi leo. Sauti ya kwanza sikuiweza tena. Noti za juu zilinivujia. Mzee Anaeli akanipa besi, lile pembe kubwa, maana kipulizio chake ni kipana na husamehe kasoro za mdomo. Nimelipiga tangu hapo. Picha ya baadaye ilionyesha kwamba mzizi wa gego la mbele uliacha kuliwa, na gego hilo ndilo ninalotafunia nyama hadi sasa.

Mzee aliniuliza wakati fulani kama najutia. Nikasema hapana, na siku hiyo ilikuwa kweli. Zipo siku nyingine ambazo haikuwa kweli.

Basi ninachokuambia ni hiki, mwanangu. Usingoje maumivu ndipo uamini kwamba unaharibikiwa, kwa maana yapo mambo, ya mwilini na hata ya nyumbani, ambayo huliwa bila kupiga kelele. Mtu anayejua akikuonyesha, tazama, na muulize gharama ya kuacha na gharama ya kutenda, uzisikie zote mbili hata zikikutisha. Kisha amua mwenyewe. Hofu yako itaje kwa jina, usimtwishe mtu mwingine. Na ukimpata wa kukuambia ukweli kwamba hapa sioni vizuri, huyo mshike, kwa sababu wengi hupapasa gizani wakijifanya wanaona.

Haya, nenda. Mungu akutangulie huko uendako, akupe moyo wa kusikiliza mapema, na akuzeeshe katika amani, nawe upate watoto wa kuwaketisha na kuwaambia yako.