Kaari na Upepo wa Mwezi wa Saba

Mafundi wa mjini Isiolo humtania Kaari kwamba akiitwa kusimamisha pampu ya upepo, huanzia jikoni. Hakatai. Miaka kumi na tisa ya kazi imemfundisha kwamba anayeujua upepo wa mahali ni yule anayewasha moto hapo kila siku.

Januari mwaka jana aliitwa kijiji kimoja upande wa Kipsing. Wafugaji wa hapo walikuwa wamepata pampu moja, na visima walikuwa navyo viwili: kimoja chini ya kilima, hatua chache kutoka kwenye nyumba, kingine uwandani, mwendo wa nusu saa. Mzee Ekidor, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa ameshakata shauri. Pampu ikae chini ya kilima.

Kaari alifunga kipande cha leso kwenye mti mrefu, akausimamisha kando ya kisima. Leso ikapigapiga kama mbawa za kuku aliyekamatwa.

"Mama, unataka upepo gani tena?" Ekidor akauliza. "Huu utatung'oa meno."

"Shida yenu ya maji huwa mwezi gani, mzee?"

"Wa saba na wa nane. Mwaka juzi nilipoteza ng'ombe kumi na wanne, nikiwahesabu mmoja mmoja."

Kaari alikitazama kilima. Kilikuwa kusini mashariki, kipana kama ukuta.

"Mzee, umewahi kudandia rori ya mifugo ikiwa mwendoni?"

"Nikiwa kijana. Nusura nivunjike shingo."

"Ulianguka upande gani?"

"Nyuma, nitaanguka wapi? Rori inakwenda, mimi sina mwendo wake."

"Basi dunia ni hiyo rori, inazunguka kuelekea mashariki. Hapa kwetu katikati ndipo ilipo pana, kwa hiyo ndipo inapokimbia zaidi. Hewa ikitoka mbali kuja huku kwenye joto, inakuja na mwendo mdogo. Ardhi inaiacha nyuma, magharibi. Sisi tulio juu ya rori tunasema upepo umetoka mashariki."

"Na taniboi wa kupakia na kushusha mizigo ya hiyo rori ni nani?" Watu wakacheka.

Kaari naye alicheka, kisha akaendelea polepole. Sasa jua limeegemea kusini, akasema, hewa inalifuata ikitoka kaskazini, inaachwa nyuma, inatufikia kutoka kaskazini mashariki. Mwezi wa saba jua liko kaskazini. Hewa itatoka kusini, iachwe nyuma vilevile, itufikie kutoka kusini mashariki. Akanyoosha mkono. Ulielekea kilimani.

Ekidor hakucheka tena, lakini hakukubali. "Hayo ni ya vitabuni."

"Basi tuulize jikoni."

Sabdio, mama mmoja wa hapo kijijini, alikuwa akiinjika chai karibu na kisima. Kaari akamwuliza mwezi wa saba anaukinga moto wake upande gani.

Sabdio alisukuma ukuni motoni kwanza. Pampu ikienda uwandani, ndiye angebeba mitungi ile nusu saa, kwenda na kurudi.

"Hapa sikingi," akasema mwishowe. "Moshi unapanda wima kama nguzo. Kule uwandani ndiko upepo unapeperusha hata majivu."

"Na mbona hukusema?" Ekidor akauliza.

"Kamati iliniuliza lini habari za moshi?"

Mzee aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. Kisha akaondoka kuelekea uwandani, na Kaari akabeba mti wake wenye leso kumfuata.

Julai Kaari alirudi bila kuitwa, kama afanyavyo kwa kila pampu yake. Alipitia kwanza chini ya kilima. Moshi wa Sabdio ulipanda wima. Sabdio mwenyewe hakuwepo, wala mitungi yake.

Alitembea ile nusu saa. Kabla ya kuona watu alisikia mapanga ya pampu, kisha maji yakimwagika kwenye hori. Ng'ombe walikuwa wamejipanga, na Ekidor akiwazuia kwa fimbo wasisukumane. Sabdio alikuwa amekifunga kilemba chake kwa mafundo mawili kwa sababu ya upepo.

"Taniboi amefika," Ekidor akasema, akamsogezea Kaari kikombe cha maji.