Antibiotiki za Bi Mwanakhamis

Siku yangu ya kwanza katika famasi moja ya Mji Mkongwe sikugusa dawa. Mfamasia mkuu, mzee mkali asiyevua koti lake jeupe hata miezi ya joto, alinisimamisha kando ya meza nimtazame. Alisoma kila cheti cha daktari mara mbili. Vidonge alivihesabu kwenye sinia kwa kisu bapa, tano tano, bila kuvitia mkono. Tulipofunga aliniambia, "Binti, mgonjwa akitoka hapa hajui anywe vipi, hujafanya kazi. Umeuza tu."

Nikawa mtoa dawa chini yake kwa miaka mingi. Alipofariki famasi ikauzwa, na mmiliki mpya akanipeleka tawi lake la shamba, kijijini Bwejuu.

Msimamizi wa tawi hakuwa mtu mbaya. Alisema watu wa pale hawawezi kwenda hospitali kwa kila homa. Basi tukawauzia antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, bila cheti, vidonge vinne, vidonge sita. Nilijua kuwa dozi isiyokamilika huwafanya bakteria waizoee dawa. Nilijua, na bado nikavitia kwenye vibahasha.

Aliyekuja zaidi ni Bi Mwanakhamis, mkulima wa mwani, ambaye miguu yake ilikatwa na mawe kila bamvu, maji yanapokupwa mbali.

Miaka hii ya karibuni yakaja masharti: antibiotiki kwa cheti tu, kila dawa iandikwe daftarini, na mfamasia awepo dukani. Nilifurahi mno. Lakini mfamasia wetu alikuwa leseni iliyotundikwa ukutani. Mfamasia mwenyewe akifanya kazi mjini. Nilipouliza, msimamizi akanambia nishughulike na yangu.

Nikaamua mimi nitayafuata. Bi Mwanakhamis akaja anachechemea, mguu umevimba hadi kifundoni. Nikamwambia dawa sitoi, aende hospitali siku ileile.

"Mwezi uliopita ulinipa, Zuwena," alisema. "Leo nshakuwa mgeni?"

Akaenda duka la pili, akapewa. Alipofikishwa hospitali, siku kadhaa baadaye, alikuwa hajitambui. Daktari alijaribu dawa hii na ile, kisha kipimo cha usaha kikaonyesha kuwa zile za kawaida hazimsaidii tena. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Nilikwenda kumtazama wodini.

"Wananambia dawa nilizokuwa nikila nusunusu ndizo zilizoniponza," alisema taratibu. "Nilikuwa nikila za nani, kama si zako?"

Nililia, yeye hakulia.

Nimeshastaafu. Vijana wa kazi hii wakiniuliza juu ya masharti mapya, huwaambia ni mazuri, wayafuate. Siwaambii kuwa dukani kwetu leseni bado iko ukutani na kiti cha mfamasia bado kitupu. Bi Mwanakhamis halimi tena mwani. Hushinda barazani kwake, kando ya njia kuu. Nikiitwa Bwejuu kwa harusi au maziko, hupita njia ya nyuma.