Mwalimu wa Mahame

Juzi, upande wa Kamanga, nilifuatana na wazazi waliokwenda kumfukuza mwalimu. Kosa lake ni kuwafundishia watoto kwenye mahame, kijiji kilichohamwa wakati wa ugonjwa wa malale. Hata mbuzi hatuwachungi huko.

Tulimkuta anapima misingi ya nyumba kwa kamba.

"Hii ni hesabu," akatuambia, macho yanamng'aa. "Ni jiografia, tena ni historia. Tumepata Uhuru, watoto wajue nani alikaa hapa. Shikamoo, bibi. Wewe ulizaliwa hapa. Nyumba hii ya nani?"

"Marahaba," nikamjibu. "Wafu wakiitika, usinilaumu."

Nikataja jina la marehemu mama yangu.

"Nipo!" sauti nyembamba ikaitika vichakani.

Wazazi wakarudi nyuma. Upepo ulikuwa umekufa, ziwa kimya. Nikataja la mjomba.

"Nipo, bibi!"

Wakatokeza watoto wawili, kamba mikononi. Ni sisi tuliowapa majina ya wafu wetu, tusiwaambie ni ya akina nani.

Baba mmoja, aliyekuja na fimbo, akaninong'oneza, "Bibi, na babu yangu alikaa wapi?"

Mwalimu hakufukuzwa. Lakini mimi sirudi kule. Wafu ningewazoea, maswali ya wale watoto hayana mwisho.