Kibao cha Maganga na Luhende

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa burashi. Fundi Mkuu wa karakana, mzee mrefu mwenye rangi kavu kwenye kila ukucha, alinipa kipande cha msasa na bati kuukuu akasema, "Sugua mpaka liwe kama shavu la mtoto." Nikasugua. Alipopita alilipapasa kwa kiganja, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikasugua tena.

Hiyo ilikuwa Mpanda ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati tungali wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Kila duka, bucha, kinyozi na hoteli ya chai ilihitaji kibao, na kila kibao kiliandikwa kwa mkono. Nyie vijana mnaobonyeza kitufe bango likatoka likiwa kamili huenda msiamini, lakini kazi ile ilikuwa na shule yake.

Karakana yetu ilikuwa Kawajense, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Fundi Mkuu alinifundisha polepole. Bati lililosuguliwa vizuri lilipakwa praima, yaani rangi ya kwanza inayozishika zile zinazofuata. Ikikauka, tulivuta uzi uliopakwa chaki kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, tukaunyanyua katikati na kuuachia, pa! Mstari ulionyooka ukabaki juu ya bati. Hapo herufi zilichorwa kwa penseli, na kazi yenyewe ilikuwa katika nafasi kati ya herufi. A na V zikikaa jirani lazima zisogeleane, la sivyo neno linaonekana limeng'oka jino. Baada ya penseli ndipo ilipokuja rangi ya mafuta, ikilainishwa kwa tapentaini, na burashi bapa iliyovutwa kwa pumzi moja.

Lakini kilichonichukua miaka kujifunza ni wateja. Alikuwepo kinyozi aliyetaka achorwe yeye mwenyewe, ila awe na nywele nyingi kuliko alizokuwa nazo. Mwenye bucha alirudisha ng'ombe wetu akilalamika, "Huyu ananitazama kama anajua kitakachompata." Mwalimu mkuu mmoja alitaka historia yote ya shule iingie kwenye ubao usiozidi mlango wa jiko, na bado akasema, "Herufi ziwe kubwa, zisomeke kutoka barabarani." Mimi nilikuwa nachemka. Fundi Mkuu hakubishana nao hata kidogo. Alimkalisha mteja kwenye kigoda, akamletea chai, akamwacha aseme.

"Usimwulize anataka rangi gani," aliniambia. "Rangi haijui. Mwulize ni nani atakayepita pale akakisoma."

Nilipokuwa nimeiva kidogo, karakana ikafungua tawi Kibaoni, kule Mpimbwe, na mimi nikapelekwa. Wenzangu walicheka sana: mchora vibao kahamishiwa Kibaoni! Nilipanda lori lililopita katikati ya hifadhi ya wanyama, nikashuka nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Mkubwa wangu kule aliitwa Msimamizi wa Tawi, mama wa Kifipa aliyesema maneno machache, na hayo machache hakuyarudia. Alisimamia useremala na vibao pamoja.

Kazi yangu ya kwanza kubwa pale ilikuwa ya mashine ya kusaga. Wenye mashine walikuwa ndugu wawili, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mkubwa aliitwa Mzee Maganga, mdogo aliitwa Luhende. Banda lilikuwa limeezekwa, injini imefungwa na kujaribiwa, na akina mama wa Kibaoni walikuwa wanahesabu kwamba wameagana na kinu. Kilichobaki ni kibao tu, maana wenyewe walisema injini haitawashwa kabla hakijatundikwa.

Mzee Maganga alikuja asubuhi moja, fimbo begani. "Mwangaluka, binti," akanisalimia kwa Kisukuma. "Niandikie *Maganga na Luhende, Mashine ya Kusaga na Kukoboa*." Nikachora kwa penseli. Kesho yake akaja Luhende, peke yake. Aliutazama ubao, akavuta pumzi. "Fundi, anza na Luhende. Injini imenunuliwa na ng'ombe wangu." Nikafuta, nikachora upya. Mzee akarudi. "Nani kafuta jina langu?" Nikafuta tena.

Nikajaribu ujanja. Nikachora majina kwa duara, yazunguke gunia la mahindi, asiwepo wa kwanza wala wa pili. Mzee Maganga alilizunguka duara lile kwa kidole, akasimama. "Binti, hata duara lina juu." Nikapendekeza yaandikwe maneno ya mashine tu, bila jina. Luhende akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Basi hapo ndipo nitakuwa sipo kabisa."

Wakati huo walikuwa hawasemeshani. Mkubwa alinituma nimwambie mdogo, mdogo akanituma nimjibu mkubwa. Kisha nikasikia kwa mke wa Luhende, tulipokutana kisimani, kwamba mumewe ameanza kutenga ng'ombe wake. Alitaka kuhama, aende chini kule karibu na ziwa. Huyo mama aliniambia huku anafunika ndoo kwa majani ili maji yasimwagike. "Tumetoka kwetu boma moja," alisema. "Watoto wangu wananyonya hata kwa mama mkubwa wao. Sasa tunagawana kwa ajili ya bati."

Nilirudi karakana roho imenywea. Msimamizi alikuwa anapima mbao. Nilimweleza yote, na nikamwomba amwite mwenyekiti wa kijiji. Hakuinua macho.

"Wewe umeajiriwa kuchora herufi au kuwa tarishi?"

"Kuchora, mama."

"Basi acha kupeleka salamu. Waite wote wawili wasimame mbele ya ubao mtupu."

Niliwaita. Nilisugua michoro yote, nikaupaka ubao upya, ukawa mweupe pe. Walikuja, mmoja akasimama kushoto, mwingine kulia, na mimi katikati nimeshika penseli. Nje ya uzio akina mama waliokuwa wakipita na mahindi wakasimama. Nikakumbuka kigoda na chai ya Fundi Mkuu, lakini chai sikuwa nayo. Nikamgeukia mkubwa.

"Mzee, mweleze mdogo wako, si mimi. Kwa nini jina lako litangulie?"

Aliishusha fimbo begani. Kisha akasema, akiutazama ubao, "Mashine ni kitu cha kuharibika. Ikiunguza unga wa mtu, ikimkata mtu mkono, watasoma jina la kwanza na kulifuata. Nataka wanifuate mimi. Huyu ana watoto wadogo."

Luhende aligeuka. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Mimi..." Akaugusa ubao kwa kiganja. "Tangu tumefika nchi hii, hakuna anayenijua jina. Sokoni ni mdogo wake Maganga. Mnadani, mdogo wake Maganga. Hata mwanangu shuleni wamemwandika mtoto wa mdogo wake Maganga. Nilitaka tu lisomwe mahali, kaka. Mara moja."

Mzee Maganga aliiegemeza fimbo ukutani. Akasema kitu kwa Kisukuma, kifupi, sikukielewa na sikuuliza. Halafu akanigeukia. "Andika Luhende. Anza na Luhende."

"Hapana," Luhende akasema. "Anza na Maganga."

"Nimesema anza na Luhende!"

"Kaka, siwezi kukutangulia. Watu watasemaje?"

Wakaanza upya, safari hii kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele, na sauti zikapanda kuliko zilivyowahi kupanda. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Ndipo mama mmoja pale nje, ndoo ya mahindi kichwani, akapaza sauti: "Nyie wazee! Shingo zetu zinauma! Fundi, si uwaandike mmoja huku na mwingine kule!"

Watu wakacheka, lakini mimi nikauinua ubao ule nikautazama upande wa nyuma. Ulikuwa mtupu. Kwa kawaida kibao kilipigiliwa ukutani, mgongo wake haukuonekana. Lakini ukikining'iniza kwenye nguzo kando ya barabara, kinasomwa pande zote mbili. Nikawaeleza. Anayetoka Mpanda atasoma Luhende na Maganga. Anayetoka Sumbawanga atasoma Maganga na Luhende.

Walitazamana. Mzee akauliza, "Na mtu aliyesimama katikati?"

"Huyo, mzee, ataona ukingo wa bati tu."

Alicheka mpaka akakohoa. Sijawahi kuchora herufi kwa raha kama siku zile, nyekundu zenye kivuli cheusi, na pande zote mbili nilizipima kwa uzi ule ule. Siku kilipotundikwa injini iliwashwa, na Luhende alisimama barabarani upande wa Mpanda muda mrefu, mikono nyuma, akijisoma. Ng'ombe hawakuhama. Kwa miaka mingi baadaye nilisikia abiria wa malori wakibishana kuhusu mashine mbili za Kibaoni, ipi inasaga laini zaidi, ya Luhende au ya Maganga.

Nami nilirudishwa Kawajense, nikashika nafasi ya Fundi Mkuu yeye alipochoka. Nikavaa kucha zenye rangi kama zake. Mkono ulipoanza kutetemeka, mstari haukunyooka tena hata kwa uzi, nikastaafu na kuhamia Kabungu. Jambo moja limenishangaza. Wateja waliochukua vibao vyao wakasema ahsante wakaondoka, sikumbuki hata sura zao. Wale wasumbufu ndio wanaopita kunisalimia, na ndio ninaowaulizia mimi.

Siku hizi nafuga nyuki na akina mama wenzangu. Binti wa kaka yangu anatengeneza tovuti na mabango kwa kompyuta pale mjini, na tulimwomba atuchoree lebo ya chupa za asali. Alileta ya kwanza. Nikamwambia herufi zimesongamana. Akaleta nyingine. Nikamwambia nyuki anaonekana ana msiba. Ya tatu nikasema ni nzuri, ila ile ya kwanza ilikuwa na kitu fulani.

Alifunga kompyuta yake, akanitazama. "Shangazi, hebu niambie kweli. Unataka nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze, nikaona sijui bado.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Nakuletea chai."