Kibati Chenye Matundu Manne

Ukitaka jina la duka lako lisomeke toka ng'ambo ya barabara, mtafute Brashi. Ana miaka hamsini na saba, tumbo la mtu anayelishwa vizuri na mkewe, na suruali ambayo hata fundi aliyeishona hawezi kukumbuka ilikuwa ya rangi gani. Huchanganyia rangi zake juu ya kibati kimoja kikubwa kama daftari, chenye tundu kila pembe. Hakioshi hata siku moja. Rangi ya leo hukaukia juu ya ile ya jana, na kibati kimenenepa pamoja na mwenyewe.

Kibati hicho alipewa na baba yake, siku ambayo Brashi hapendi kuikumbuka. Baba alikuwa na mashine ya kusaga unga na alitaka mwanawe aishike. Brashi, wakati huo kijana wa miaka kumi na saba, akakaza shingo: yeye anataka kuandika mabango. Baba hakugombana naye. Aliingia bandani, akakawia kidogo, akatoka na kibati kilichopakwa rangi nzito ya kijani. "Chukua," alisema, akarudi kwa wateja wake. Basi. Miaka arobaini Brashi aliamini kwamba siku ile aliagwa kwa kipande cha bati, na jambo hilo lilimuuma hata pale mabango yake yalipojaa mji mzima.

Sasa baba hayupo tena, na bandani zimebaki injini mbili. Moja ni ndogo, ya kuvuta maji. Nyingine ni ile kubwa iliyozungusha mashine ya unga, yenye magurudumu mawili ya chuma yanayomfika mtu kifuani. Dada yake Brashi, karani wa posta aliyestaafu, mwanamke asiyevumilia kitu kukaa mahali bila sababu, alikuwa amekwisha kupatana na mnunuzi wa vyuma chakavu. Lori lingekuja Jumamosi saa nane mchana.

"Dada, ile kubwa wasiivunje," Brashi alimsihi. "Ndiyo iliyotusomesha."

"Imetusomesha, tumemaliza, mimi mpaka nimestaafu. Unataka ituozeshe pia?"

"Ngoja basi mtu anayejua aiangalie."

"Mlete kabla ya lori. Akisema ni mali, itabaki. Akisema ni chuma, sitaki kusikia kilio."

Brashi akaenda mbio kumtafuta Mwalimu, mama mmoja aliyefundisha mitambo chuoni miaka thelathini, ambaye hobi yake ni injini za kale. Mama akakubali kuja. Brashi naye, kwa kuwa hawezi kuona kitu kikuukuu bila mkono kumwasha, Ijumaa akanunua rangi nyekundu ili mgeni akute mambo yanang'aa. Alikuwa ameimaliza injini ndogo, anafungua kopo la pili, Mwalimu alipopiga simu.

"Hujagusa kitu, sivyo? Hata vumbi usifute. Rangi ya zamani ndiyo ushahidi."

Brashi akafunika kopo taratibu, kana kwamba mama anamwona.

Jumamosi asubuhi Mwalimu aliingia bandani na tochi, kioo kidogo na daftari nene. Aliitazama injini ndogo, nyekundu kama nyanya, akamtazama Brashi na vidole vyake.

"Hii ilikuwa ya kawaida hata hivyo," alisema. "Mungu kakuhurumia."

Kwenye ile kubwa alikaa saa nzima. Alipiga magoti, akachungulia silinda, akapitisha kucha kwenye rangi ya kijani, akafuta grisi kwenye ncha ya mhimili. Pakatokea namba iliyogongwa kwenye chuma: 4017. Macho yakamng'aa, kisha yakafifia. Ubavuni mwa injini palikuwa na mahali patupu, pana matundu manne.

"Hapa palikuwa na kibao cha kiwanda," alisema. "Nadhani naijua injini hii, na kama ndiyo, zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Lakini bila kibao siwezi kuthibitisha. Yeyote atasema imeungwaungwa. Kiko wapi?"

Dada akacheka. "Wateja walikuwa wanamuuliza baba hivyo hivyo. Yeye anajibu, 'Kiko kazini.' Tulijua ni mzaha wake tu."

"Kibao hakikung'olewa kwa nguvu," Mwalimu akaendelea kumulika. "Skrubu zimefunguliwa taratibu, na mashimo yametiwa mafuta yasishike kutu. Aliyekitoa alijua anatoa nini."

Saa saba ilikuwa imekaribia. Brashi alikuwa anayatazama yale matundu manne. Hakuaga mtu, alitoka mbio, tumbo likitangulia, na dada akadhani amekwenda kulia mahali.

Alirudi anahema, kibati mkononi, kinadondosha rangi ya manjano ya asubuhi ile. Akakiweka ubavuni mwa injini. Matundu yakakaa juu ya matundu, yote manne.

"Kwangua," Mwalimu alinong'ona. "Kona hii tu. Usizidi."

Brashi akakwangua kwa kisu chake cha kazi. Ikatoka nyekundu ya bucha, ikatoka buluu ya duka la dawa. Ikatoka nyeupe, akacheka peke yake: hiyo ilikuwa ya saluni ya msichana mmoja, bango alilolirudia mara tatu kunyoosha herufi ambayo haikupinda, mpaka msichana akachoka kusubiri akamwambia aseme linalomleta. Ndiye mkewe leo. Chini ya zote ikaja kijani ya injini, tabaka juu ya tabaka, imepigwa msasa ikawa laini ili brashi isikwame. Na chini ya kijani hapakuwa na bati. Palikuwa na shaba, na namba: 4017.

Mwalimu alipiga kelele kama mtoto. Akafungua daftari, akataja mwaka, kisha akataja bei. Dada akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akakalia kopo la rangi nyekundu.

"Ina maana baba alikuwa anajua," alisema, "na akakitoa akakupa wewe."

Brashi alilia waziwazi, huku anacheka, na hakujali nani anamwona.

Lori lilipofika, dada alimpa dereva mabati mabovu ya paa, akamwagiza asiulize mengi. Kisha wakatia mafuta, Brashi akazungusha hendeli, na injini, ambayo baba alikuwa akiiwasha kila mwezi hadi mwisho, ikakohoa mara mbili ikaanza kunguruma. Dada alishika sketi akacheza bandani mbele ya Mwalimu, na Mwalimu naye akajiunga.

Siku hizi watu wanatoka mbali kuja kuiona. Juzi mmoja wao, mjuaji, aliizunguka weee, akasimama kwenye yale matundu manne, akatikisa kichwa.

"Haya, na kibao chake kiko wapi?"

Dada alikuwa anafagia. Hakuinua hata macho.

"Kiko kazini," alisema.